Dakika Tano za Fasta

Kazini walimwita Fasta, na jina hilo hakupewa kwa kusutwa. Alilitolea jasho. Tovuti ambayo fundi mwingine angeizungushazungusha wiki nzima, yeye aliimaliza Jumatano, na Alhamisi akaanza kupita meza hadi meza kuwauliza wenzake kama wanahitaji msaada, swali ambalo hakuna mtu ofisini aliyelipenda. Alikula huku anaandika. Aliongea na simu huku anaandika. Ukimwambia apumzike, anakuuliza apumzike kwa dakika ngapi.

Nyumbani pia alikuwa Fasta, ingawa huko hakuna aliyemwita hivyo. Huko alikuwa Mama kwa binti yake wa darasa la tatu, na "mwanangu" kwa baba yake, ambaye alihamia kwake baada ya kiharusi. Mume wake aliendesha malori ya masafa marefu, mtu wa kuingia Jumapili na kuondoka Jumatatu, kwa hiyo asubuhi za nyumba ile ziliendeshwa na mwanamke mmoja mwenye haraka ya watu kumi. Alifunga kamba za viatu vya mtoto, akafunga vifungo vya shati la baba, akafunga mlango, akatoka. Vifungo vyenyewe baba angeweza kuvifunga. Tatizo ni kwamba vilimchukua dakika kumi na moja, na Fasta hakuwa na dakika kumi na moja za kumgawia mtu.

Msimhukumu bado. Nanyi mna haraka zenu, nazijua.

Kozi ile hakuiomba. Mteja mmoja mkubwa alitaka kuona kwamba kampuni ina angalau mtu mmoja mwenye cheti cha ufikivu, na bosi wao, waliyemwita Leo-Leo kwa sababu hajawahi kuitaka kazi yoyote kesho, alizungusha macho ofisini akamwona Fasta peke yake amekaa mikono mitupu.

"Wewe utasoma hiyo ufikivu," akasema.

"Ni nini hiyo?"

"Sijui. Ukimaliza utaniambia."

Kumbe ni elimu ya kutengeneza tovuti zitumike na kila mtu: asiyeona, asiyesikia, anayetetemeka mikono, anayesahau upesi. Wiki kumi, masomo kwa video, kazi ya nyumbani kila Jumamosi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu na ambaye hakukitaja kiti hicho hata mara moja. Fasta alimsikiliza akiwa anapiga pasi sare za mtoto. Alimsikiliza akimenya vitunguu, simu ameisimamisha kwenye kopo la sukari. Wiki ya kwanza alisikiliza kwa nusu sikio, kama mtu anayesubiri matangazo yaishe.

Wiki ya pili mwalimu akawaambia waweke kipanya kwenye droo, wafanye kazi siku nzima kwa kibodi tu. Kufika saa tano asubuhi Fasta alikuwa ametoka jasho jembamba. Kulikuwa na kitufe alichokichora mwenyewe, cha kijani, kizuri, kimesifiwa kwenye mkutano, na hakikufikika kwa kibodi kwa namna yoyote ile. Alikizunguka kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na funguo anaziona mezani kupitia dirishani.

Wiki ya tatu yakaja maelezo ya picha, yale maneno yanayofichwa nyuma ya picha ili simu imsomee asiyeona. Hapo alitamani kuzima video. Miaka yote alikuwa anatumia programu inayokagua makosa, na programu hiyo hulalamika ikikuta picha isiyo na maelezo. Fasta, kwa haraka zake, alikuwa ameinyamazisha kwa kuandika neno moja kwenye kila picha ya kila tovuti: "picha". Programu ilimpa alama mia kwa mia. Asiyeona alisomewa picha, picha, picha, kuanzia juu hadi chini.

Basi hatia ikaanza kumnyemelea, ikamfuata hadi nyumbani. Aliona bomba la jikoni lilivyo gumu kwa mkono wa baba. Aliona maandishi ya karatasi ya dawa yalivyo madogo, tena ya kijivu juu ya weupe. Aligundua kwamba baba akisema, "Nipe ile... ile...", yeye huwa ameshaleta miwani, kijiko na rimoti, mzee achague. Alijicheka, akajilaumu, akamsimulia mwenzake wa meza ya pili jinsi kozi ilivyomfungua macho. Ilikuwa hatia nyepesi, ile ambayo mtu anaibeba huku anajisifu kwamba ana moyo wa kuibeba. Ingeishia hapo, ingekuwa raha.

Wiki ya tano mwalimu akasema: "Safari hii tafuta mtu mmoja aitumie kazi yako mbele yako. Usimsaidie. Usimwelekeze. Usiseme neno. Kaa, tazama, andika unachokiona. Ukifungua mdomo, kazi imeharibika."

Fasta hakuhitaji kutafuta mtu mbali. Mtu alikuwa sebuleni.

Baba yake alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na sita. Watu wa mtaa walimjua kwa jambo moja: fomu. Fomu ya kiwanja, ya mirathi, ya kumhamisha mtoto shule, ukiiona inakutisha unaipeleka kwa Karani. Anaisoma mara moja, anaigonga kwa kidole, anasema, "Hapa wanakuuliza kitu kilekile mara mbili, usiogope," na mnaimaliza pamoja. Hakuwahi kujaza fomu ikarudishwa. Alikuwa akilisema hilo mara nyingi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kiharusi kilimpiga miezi saba kabla ya kozi. Kilimwacha na ulimi mzito kidogo na mkono wa kulia usiotii. Daktari alisema miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuushughulikia mkono, maana ndipo unapojifunza upya, baada ya hapo unakuwa mkaidi. Akawaandikia kliniki ya mazoezi ya viungo. Kliniki ilipokea wagonjwa kwa fomu ya mtandaoni tu, na fomu hiyo aliitengeneza nani? Huyuhuyu Fasta wetu. Alimwonyesha baba yake kwa fahari. "Hii ni kazi ya mkono wangu, Baba. Nikujazie?"

"Fomu yangu nijaziwe mimi?" mzee aliuliza, na macho yake yalifunga mjadala.

"Haya. Ni dakika tano tu."

Wiki ile Fasta alikuwa na kazi tatu za kukabidhi, na tuseme ukweli, alifurahi kukataliwa. Siku chache baadaye baba akamwambia amekwisha jaza. Baadaye akamwambia wamejibu kwamba nafasi zimejaa. Fasta aliilaani kliniki ile mchana kutwa, akaisema kwenye simu kwa mumewe, akaisema kwa jirani. Mkono ukaachwa. Ukawa mkaidi kama daktari alivyosema.

Sasa kliniki ilikuwa inaandikisha tena kwa awamu mpya. Jumamosi asubuhi, mtoto akiwa kwa rafiki yake, Fasta akaweka kompyuta mezani, akavuta kiti, akafungua daftari.

"Baba, nisaidie kazi ya shule. Nataka ujaze fomu hii, mimi nakutazama tu."

Mzee akaangalia skrini. "Hiyo? Hapana. Nipe nyingine."

"Ni jaribio, Baba. Hata ukikosea hakuna neno."

"Nyingine haipo?"

"Dakika tano tu."

Mzee akanyoosha kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya hakimu anapoingia, akaanza. Alitumia kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Aliandika jina lake la kwanza, akalikagua. Akaandika la pili, akalikagua. Kwenye tarehe ya kuzaliwa, Fasta alikuwa ameweka kile kigurudumu cha miaka kinachoanzia mwaka huu na kurudi nyuma, na mzee akakisukuma mwaka baada ya mwaka hadi alipofika zamani kule alikozaliwa, akapitiliza, akarudi. Fasta aliuma ulimi. Mikono yake ilikuwa inamwasha. Akaikalia, kweli kabisa, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto. Mzee hakukosea hata herufi moja. Hilo Fasta aliliandika daftarini: hakosei. Alikuwa anajaza fomu ile kwa umakini kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, na alikuwa amefika swali la kumi na tisa kati ya thelathini na manne.

Ukurasa ukafutika.

Haukutoa mlio wala neno. Ulirudi mwanzo, mweupe, jina la kwanza, jina la pili, wazi.

Fasta alijua papo hapo. Mtu akianza kujaza, mfumo unamshikia nafasi, na asipomaliza kwa muda uliowekwa nafasi inarudishwa kwa wengine. Muda huo aliuweka yeye. Aliupata kwa kuijaza fomu mwenyewe, kwa jina la Jaribio Jaribio, akatumia dakika mbili na sekunde kumi. Akajiona mkarimu, akaweka tano. Kulikuwa na ujumbe wa kuonya kwamba muda unakwisha, lakini mchoraji alisema unachafua ukurasa, wakautoa. Hakuna aliyebisha.

Lakini kilichomkata maini si ukurasa kufutika. Ni kwamba baba yake hakushtuka. Alirudisha mkono mapajani taratibu, kama mtu aliyefika kituo anachokijua.

"Unaona?" akasema. "Hapo ndipo huwa naharibu."

"Huwa?" Fasta alisema, na kazi ya nyumbani ikaharibika. "Ulijaribu mara ngapi, Baba?"

"Sikuhesabu," mzee alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa karani, akaongeza: "Mara saba."

Fasta akafunika daftari.

"Kuna mahali nagusa pasipotakiwa," mzee aliendelea, anazungumza na skrini, si na yeye. "Nimejitahidi kupaona, sipaoni. Halafu ni fomu nyepesi, dakika tano, ulisema mwenyewe. Nikajua basi, kichwa nacho kimeguswa. Sikutaka kukuambia. Una mambo mengi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja ingetosha: Baba, si wewe, ni mimi. Ilikuwepo mdomoni, imekamilika. Na Fasta, ambaye hajawahi kuchelewa kwa lolote, alisema, "Tutajaribu siku nyingine," akainuka kwenda kuanika nguo. Alianika zile zilizokuwa mbichi, akamaliza, akaanza kuanua na kuzikunja zilizokauka, akazikunja tena. Kupitia dirishani alimwona mzee bado amekaa mbele ya kompyuta iliyojizima.

Kazi ya nyumbani aliituma jioni ile. Aliandika vizuri, hatua kwa hatua, hadi swali la kumi na tisa. Hakuandika kwamba aliyetazamwa ni baba yake, wala kwamba ile saa aliiweka yeye mwenyewe. Jumapili mwalimu akajibu mistari miwili: "Umeeleza vyema kilichomtokea. Hujaeleza ulimwambia nini baada ya hapo."

Jumapili ileile mumewe alikuwepo, na Fasta hakumwambia kitu. Alipika kimya, akala kimya, mume akamuuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu. Asubuhi ya Jumatatu alimfunga baba yake vifungo bila kumtazama usoni. Anamfunga vifungo kwa haraka mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyima mkono wa kuvifunga. Wazo hilo lilimjia akiwa kifungo cha tatu, akakosea tundu.

Ofisini alifungua kumbukumbu za mfumo. Kila aliyeanza fomu na kutoimaliza ameandikwa humo, bila jina, kwa saa na kwa swali alilofikia. Awamu ile ya kwanza walikuwa mia mbili na sita. Na Fasta aliikumbuka namba hiyo! Mtu wa kliniki aliiulizia kwenye mkutano, na Fasta akamjibu, bila kupepesa macho, kwamba hao ni watu wa kuchungulia tu, wapo kila mahali. Watu wakacheka kidogo. Sasa aliwasoma mmoja mmoja. Swali la ishirini na mbili. Swali la thelathini. Mmoja alikuwa amefika la thelathini na tatu. Ni kliniki ya watu ambao mikono na mgongo haviwatii. Yeye alidhani nani angeijaza fomu ile, wanasarakasi?

Na mle ndani alimwona baba yake. Asubuhi saba mfululizo, saa nne kamili, saa ya mahakama kuanza. Swali la kumi na tano. La kumi na sita. La kumi na nane. Mzee alikuwa anaongeza kasi. Siku ya saba alifika la ishirini na moja, rekodi yake, kisha hakurudi.

Fasta akaiondoa ile saa. Akaweka onyo na kitufe cha kuongeza muda, kikubwa, kinachofikika kwa kibodi. Kazi nzima ilimchukua dakika nne.

Alimweleza Leo-Leo, nusunusu, bila kumtaja baba.

"Umeshatengeneza?" bosi aliuliza.

"Nimeshatengeneza."

"Safi. Basi yameisha. Kliniki hawajalalamika, sisi tusiende kuwaamsha." Akampiga bega. "Ndiyo maana tunakuita Fasta."

Na kwa kweli ingewezekana kuisha hivyo. Mnaliona hilo? Fomu imepona. Baba angeambiwa ajaribu tena, angefika swali la thelathini na nne, angefurahi, angesema siku hizi kichwa kimepata nafuu. Hakuna ambaye angejua. Fasta aliibeba njia hiyo siku nzima, akaigeuza upande huu na upande ule, na ubaya wake ni kwamba haikuwa na kasoro.

Jumanne alirudi nyumbani mapema na mtoto, aliyeshikwa na homa kidogo shuleni. Alipofika mlangoni akasikia sauti. Jirani wa nyumba ya tatu, fundi viatu, alikuwa sebuleni na bahasha ya kaki.

"Ni hii tu, Karani. Wanataka uthibitisho wa makazi, mimi hata sielewi wanaanzia wapi."

"Mpelekee mwingine," baba alisema.

"Mwingine nani? Miaka yote ni wewe."

"Miaka yote ilikuwa miaka yote. Kichwa changu kimekwisha, ndugu yangu. Nitakuharibia. Naanza vizuri, nikifika katikati nafuta kila kitu, na hata sijui nimefutaje."

Fundi viatu alijaribu kucheka, akaona si mzaha, akaichukua bahasha yake. Mlangoni alipishana na Fasta, akamsalimia kwa macho ya pole, yale ya msibani.

Fasta akamlaza mtoto. Akampa maji. Akarudi sebuleni, akakaa, akasimama, akakaa. Akajikaza kisabuni.

"Baba, wewe hukufuta kitu."

Mzee akamtazama.

"Ile fomu ina saa ndani yake. Haionekani. Ikifika dakika tano inafuta kila kitu, hata kama hujagusa popote. Hukukosea. Siku zote saba ni muda tu uliokwisha, nimeona kwenye kumbukumbu. Ile saa niliiweka mimi. Nilijipima mimi mwenyewe nikaweka dakika tano. Nimejua tangu Jumamosi, nikanyamaza. Nisamehe, Baba."

Fasta wa zamani angeendelea kujieleza. Safari hii hakuthubutu.

"Sikukosea," mzee alisema.

"Hukukosea."

"Kwa hiyo kichwa..."

"Kichwa kizima, Baba."

Uso wa mzee ukafunguka upande mmoja, ule ulio mzima, na ule mwingine ukajitahidi kuufuata. Akapiga goti kwa kiganja cha kushoto. "Nilijua! Nilijua sikugusa kitu!" Akacheka, akakohoa, akafuta jicho. "Unajua kwa nini sikulalamika? Miaka thelathini na sita nimelalamikia fomu za serikali nzima. Lakini hii ulisema ni kazi ya mkono wako. Nikasema, mwanangu hawezi kuweka kitu kibovu, basi kibovu ni mimi."

Fasta angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Kisha kicheko cha mzee kikapungua. Alikuwa mtu wa kusoma jalada hadi ukurasa wa mwisho. Akautazama mkono wa kulia uliolala mapajani, vidole vimejikunja.

"Na mkono?" akauliza.

Alilijua jibu. Daktari alilisema mbele yao wote wawili. Miezi mitatu ya mwanzo.

"Nitakupeleka kliniki, Baba. Kesho. Nitawaomba..."

"Nimeuliza mkono."

"Sijui," Fasta alisema. "Pengine kidogo. Daktari alisema ukichelewa..." Akalia kwa sauti, mbele ya baba yake, kama hakuwa na mtoto mgonjwa chumba cha pili.

Mzee alimwacha alie. Hakumbembeleza. Alipoona amepungua akasema, "Nimekusikia ukiomba msamaha. Kusamehe ni kazi nyingine, nipe muda. Na muda huo usiuwekee saa."

"Ndiyo, Baba."

"Wengine waliofutiwa ni wangapi?"

"Mia mbili na sita maombi. Sijui watu wangapi. Saba ni yako."

"Wanajua?"

"Hawajui."

Mzee akanyoosha kola. "Fungua kompyuta. Andika."

Akaandika. Baba yake alikuwa anatamka hadi alama, kama alivyozoea kuwatajia wapiga chapa: mkato, nukta, aya mpya. Ilikuwa kwa Mkurugenzi wa Kliniki, nakala kwa kampuni iliyotengeneza tovuti, kuhusu malalamiko dhidi ya fomu ya kuandikisha wagonjwa. Ulimi wake mzito ulichukua muda na kila neno, na kila neno lilikuwa mahali pake. Aliomba walioishia njiani watafutwe na waambiwe kwamba kosa halikuwa lao. Aliomba wapewe nafasi kwanza. Hakujiombea kitu.

"Aya ya tatu," akasema. "Saa hiyo, mkato, ambayo haikuonekana wala kutoa onyo, mkato, iliwekwa na binti yangu. Nukta."

Vidole vya Fasta vikasimama. "Baba, naweza kumwaga unga kwa hili. Bosi alisema tusiwaamshe."

"Inawezekana," mzee alisema. Akasubiri. "Tuache?"

Chumba cha pili mtoto alikohoa, akageuka kitandani, akatulia.

"Hapana," Fasta alisema, akaandika.

Walipomaliza mzee akaegemea kiti. "Nisomee yote. Barua haitoki bila kusomwa."

Akasoma. Alianza vizuri, anwani, salamu, aya ya kwanza, aya ya pili. Alipofika ya tatu akavuta pumzi, akayapitisha maneno "binti yangu" mbiombio, kwa sauti ya chini, kisha akaikimbilia aya ya nne.

"Rudia hapo," baba yake akasema. "Sikusikia vizuri."

Masikio ya mzee hayakuwa na tatizo lolote, na wote wawili walilijua hilo. Fasta akarudi juu. Akarudia, neno kwa neno, mpaka nukta.